Rivyu ya Baseball Savant: sinia unaletewa, jikoni huingii

Assalaam aleykum wadau. Kuna watu wananidai rivyu ya ile saiti ya besiboli nnayokesha nayo, na mmoja kaniandikia kwa kebehi kabisa, ati wewe Mpemba wa Konde una habari gani na besiboli wakati hata Mapinduzi Cup huendi kutizama. Haya, leo zamu ya usiku imetulia, wageni wamelala, umeme upo, naandika.

Mie nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ndogo huku Nungwi. Mwaka 2024 alikuja mzee mmoja wa Kimarekani na mkewe, watu wa Milwaukee, wakakaa wiki mbili. Kila usiku mke akishalala mzee anashuka na tableti yake mana intaneti nzuri iko chini, anakaa kwenye lile benchi la mbao mbele yangu, saa nane na dakika arobaini za usiku, anatizama timu yake ya Brewers. Kwao saa hizo ni jioni, jua bado halijazama. Mlinzi wetu, mzee wa Makunduchi, siku ya kwanza akamtizama weee, af akanivuta pembeni: "Mwanangu, huyu mgonjwa au ana deni?"

Mchezo wenyewe sikuelewa kitu. Huyu karusha, yule kakosa, wote wametema mate, basi. Kilichonishika ni tarakimu. Kila mpira ukirushwa inatokea kasi yake, ukipigwa inatokea kasi nyengine na pembe uliyopaa nayo, na ungali haujaanguka chini! Nkamuuliza hizi zinatoka wapi, akafungua Baseball Savant, akanitolea mrushaji mmoja, viduara vyekundu na vya buluu vimejipanga kama shanga. Chekundu maana yake huyu khatari kwenye hicho kitu, cha buluu maana yake pole yake. Akanambia ni bure, hata wewe ukiwa hapa Nungwi unaingia. Hapo ndo nkanasa, na mpaka leo sijanasuka.

Kwa hio bei: sifuri. Hujisajili, huweki kadi, hakuna kusubiri namba ya siri kwenye simu. Unaingia tu. Na kilichomo ndani wallahi kingi. Kuna video ya karibu kila mpira uliorushwa, unabonyeza unaona. Kuna nani ana mbio zaidi, kwa futi kwa sekunde. Kuna mzunguko wa mpira kwa dakika. Tangu Mei 2024 wameongeza na kasi ya gongo lenyewe (la mbao jamani, sio lile jengine), na hapo ndo utamuona Giancarlo Stanton wa Yankees yuko peke yake juu kama mnazi kwenye shamba la mihogo, wastani wake maili 81 kwa saa hivi. Mpira uliopigwa kwa nguvu kuliko yote tangu waanze kupima ni wa Oneil Cruz wa Pittsburgh, Mei 2025, maili 122.9 kwa saa, ni karibu kilomita 198, na aliopigiwa ni Brewers, nkamtumia mzee wangu wa Milwaukee picha ya hio namba, akanijibu neno moja tu ambalo silitafsiri hapa.

Kasoro ndogo: kila kitu maili na futi. Utazoea. Mie nliweka kikokotozi pembeni mwezi mzima, skuizi nikiambiwa maili 95 najua hio kasi, nikiambiwa 88 najua huyu anazeeka au anatega.

Sasa njoo kwenye utamu wenyewe, kushusha data. Pale kwenye ukurasa wa kutafuta unachagua msimu, mchezaji, aina ya mpira, af unashusha faili la CSV unalifungua kwenye Excel. Mpira mmoja mstari mmoja. Nlipofungua mara ya kwanza nkahesabu safu zimepita tisini: kasi wakati unatoka mkononi, mkono ulikuwa juu kiasi gani na pembeni kiasi gani, mpira umepinda inchi ngapi, umepita wapi mbele ya mpigaji, nani alikuwa kasimama wapi kwenye besi, matokeo yakawa nini. Mstari mmoja tu ukiusoma polepole unaweza kuuona ule mpira, kama unavomsoma mtu muhuri kwa muhuri kwenye pasi yake. Na msimu mmoja una mistari kama laki saba hivi, mana timu 30 kila moja mechi 162, jumla mechi 2,430.

Hapo lakini hupakui msimu mzima kwa mara moja, ukurasa una kikomo cha mistari, inabidi uchote kidogo kidogo, siku kadhaa kadhaa. Mtoto wa ami yangu anasoma SUZA kule Tunguu, yeye ndo akanionyesha pybaseball, programu ya watu walioandika kwa lugha ya kompyuta ya Python na kuiacha wazi kila mtu atumie, inachota yenyewe kipande kipande wewe umelala. Au uko zamu. Mie nlinunua bando la usiku la kampuni moja ya simu (siitaji, mnaijua wenyewe ilipo kwenye mfuko wenu), likaniachia mtandao ukakatika nlipofika mechi za Septemba, yaani nna msimu wa 2021 mpaka Agosti af giza. Nkarudia. Huo ndo usumbufu wangu mkubwa na si wa saiti.

Kwa hio kama unataka jibu la haraka: nyota nne na nusu, ingia, furahi. Ila mie si mtu wa jibu la haraka, na ile nusu iliyobaki ndo imenifanya nikae nimeandika yote haya.

Mana nlikuja kujiuliza suala la kijinga. Hizi kamera za viwanjani zinazopima namba zote hizi, za nani?

Ukenda shughulini kwetu unakaa na wenzio wanne watano, linaletwa sinia la pilau, mnakula mnashiba mnashukuru. Nyuma ya nyumba kuna mpishi na sufuria la kuogea ng'ombe, na yeye ndo anajua kimeingia nini, kimebaki nini, na nyama nzuri imepelekwa kwa wazee wa ndani. Wewe hujadhulumiwa. Umekula bure. Lakini jikoni huingii. Baseball Savant ni sinia.

Mfumo wenyewe unaitwa Statcast na mwenyewe ni ligi kuu ya besiboli Marekani, MLB, na ligi ni mali ya wenye timu 30. Ulianza kujaribiwa 2014 kwenye viwanja vitatu, Milwaukee kwa mzee wangu, Minneapolis na cha Mets New York, 2015 ukaingia vyote 30. Mwanzo ilikuwa rada ya TrackMan, kampuni ya Denmark waliojulikana kwenye gofu, pamoja na kamera za watu wengine, af 2020 wakabadilisha wakaleta Hawk-Eye. Hawa Hawk-Eye mnawajua sana ila hamjui kama mnawajua, ndo wale wa kuangalia mpira umevuka mstari wa goli Uingereza, kampuni ya Kiingereza iliyoanzia kwenye kriketi na ikanunuliwa na Sony 2011. Kila kiwanja kamera 12. Data zinakwenda kwenye seva za Google Cloud. Na saiti yenyewe ya Savant ilianzishwa na shabiki, Daren Willman, akijifanyia zake, ikawa nzuri mpaka ligi ikamwajiri yeye pamoja na saiti yake. Nzuri kwake, mashaallah. Ila kuanzia hapo sinia likawa la mwenye shughuli.

Kamera 12 haziangalii mpira tu. Zinamuona kila mtu uwanjani mifupa yake inavokwenda, bega, kiwiko, goti, kifundo, kila sehemu ya sekunde, na njia yote aliyopita mkimbiaji tangu anatoka mpaka anafika. Hizo timu zote 30 zinazo. Wewe na mie tunapewa hesabu iliyokwishapikwa: huyu kaokoa mipira kadhaa zaidi ya kawaida, yule mbio zake futi 29 kwa sekunde. Njia yenyewe aliyopita kipande kwa kipande, mifupa yake inavokwenda kwenye kila mpira, hizo kwenye mafaili hakuna. Nimetafuta kila kona, wallahi nkadhani labda sijui kutafuta. Kumbe zipo jikoni.

Na kwa ligi ndogo ndogo ndo usiseme. Daraja la juu kabisa chini ya ligi kuu, Triple-A, wamefungua tangu 2023, na ligi moja ya chini ya Florida. Zilizobaki vijana wanapimwa kila siku, timu zinajua, ila shabiki anaona takwimu za kawaida tu. Kijana wa Dominican wa miaka 18 mpira wake unazunguka mara ngapi anajua mwajiri wake na si jirani yake.

Kuna wanaosema kwani tatizo liko wapi, mali yao, kamera zao. Kweli. Ila sikilizeni vile ilivokuja mpaka hapa, mana si mara zote mlango ulikuwa hivi. 2006 kwenye mechi za mwisho wa msimu walianza mfumo uitwao PITCHf/x wa kampuni ya Sportvision, kwa ajili ya kuchorea mpira kwenye intaneti na televisheni, na namba zile zikawa zinakaa kwenye mafaili ya wazi ya Gameday, ukurasa wa ligi wa kufuatia mechi, mtu yeyote anachota. Hakuna aliyewaita watu, watu walijiona wenyewe. Mmoja, Mike Fast, mwaka 2011 akakaa na data zile akaonyesha wadakaji wengine, wale wanaokaa nyuma ya mpigaji, wanavomuibia refa kwa namna ya kudaka tu, wanavuta glovu kidogo kama si wao ili mpira uliopita nje ahesabu umepita ndani, na kwamba wizi ule una thamani ya mechi kadhaa kwa msimu. Kilichofuata? Timu ya Houston Astros wakamwajiri, na maandishi yake ya hadharani yakaisha hapo hapo. Amefuatwa na wengi. Yaani watu wa nje wanaonyesha njia kwa data za wazi, af wanaingizwa ndani na mlango unafungwa nyuma yao. Simlaumu, mie nkiitwa leo Houston naacha hii dawati na funguo za vyumba juu yake.

Af ikaja HITf/x, ya mipira inavopigwa. Watafiti wa nje wakapewa mwezi mmoja, Aprili 2009. Mwezi mmoja tu! Kama yule mama wa halua anavokuonjesha kwa ncha ya kisu. Ilipokuja FIELDf/x ya wachezaji wa uwanjani, watu wa kawaida hata ncha ya kisu hawakuiona.

Na vilivofunguliwa vinafungika. Ligi ya kikapu, NBA, ilikuwa na mafaili ya wachezaji wanavotembea uwanjani, watu waligundua yanachoteka, wakajifunza nayo wakaandika mambo mazuri, Januari 2016 yakaondolewa. Waliokuwa wameshusha walikuwa nazo, waliochelewa basi tena. Tangu nisome hicho kisa mie kila msimu ukiisha nashusha mzima naweka kwenye diski ya nje, naiweka kwenye boksi la biskuti juu ya kabati. Ukitizama kwenye mafaili ya Gameday kuna ilani ya hakimiliki inayosema matumizi ni ya mtu binafsi, si ya biashara, na si kwa wingi. Nliposoma hilo la "si kwa wingi" nkanyanyua macho juu ya kabati, nkayashusha.

Hapa lazima nimtaje babu yangu, Allah amrehemu. Msimu wa karafuu Konde wachumaji wakirudi jioni na magunia, watu wanakaa ukumbini kuchambua, makonyo huku karafuu kule, af babu anapima pishi ya kila mtu na anaandika kwenye daftari lake, jina na pishi, kwa herufi za Kiarabu, mkono mdogo kama sisimizi. Zikishakauka kwenye jamvi zinapelekwa kuuzwa, na karafuu kwetu mnunuzi kwa sheria ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la serikali, mizani ipo kule na karatasi unapewa. Babu akirudi anafungua lile daftari anaweka karatasi pembeni anapitisha kidole mstari kwa mstari. Siku zote zilikuwa sawa au karibu na sawa, sijawahi kumuona kakunja uso. Na msimu unaofuata anaandika tena vile vile. Nlimuuliza kwa nini unajisumbua babu, akanambia nenda kanitilie maji.

Basi besiboli ina akina babu. Miaka ya themanini rekodi za kila mchezo kwa mchezo zilikuwa zimeshikwa na makampuni, huuziwi kirahisi. 1984 Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, akawaita mashabiki, kaeni viwanjani na mbele ya televisheni zenu muandike wenyewe kila kitu kwa karatasi, wakauita Project Scoresheet. 1989 mwalimu mmoja wa chuo, David Smith, akaanzisha Retrosheet, wakaanza kwenda nyuma kukusanya karatasi za zamani, kwenye timu, kwa waandishi wa magazeti, kwa watu binafsi, wakaziingiza kwenye kompyuta mechi moja moja. Bure mpaka leo, hata ukitaka kuuza utakachotengeneza wanakuruhusu, sharti lao kubwa uandike umezipata kwao. Mie nkizitumia za Retrosheet nasikia raha tofauti. Kasi ya mpira haimo, mzunguko haumo, ila hakuna mtu atakayeamka asubuhi akasema nimebadilisha mawazo.

Lakini kamera huwezi kuiandika kwa karatasi, hapo ndo pabaya. Mtu mwenye macho na kalamu aliweza kushindana na kampuni kwa sababu kilichotokea uwanjani wote wanakiona. Mzunguko wa mara 2,400 kwa dakika nani aliuona? Mahakama Marekani walishasema mara mbili tatu kwamba tukio la uwanjani si mali ya mtu. 1997 NBA ilishindwa na Motorola waliokuwa wakituma matokeo kwenye vile vipeja vya zamani, na 2007 kampuni moja ya St. Louis ya michezo ya kubuni timu (fantasy) ikaishinda kampuni ya intaneti ya MLB iliyodai majina na takwimu za wachezaji lazima zilipiwe leseni, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa. Uzuri wote huo, ila hakimu anakwambia una haki ya kusema ulichokiona, hakwambii mwenye kamera akuonyeshe alichokiona yeye.

Mtajua data hizi zina uzito gani kwa kisa cha Chris Correa. Alikuwa mtu mkubwa upande wa vipaji timu ya Cardinals, mwenzao mmoja akahamia Astros akaacha laptopu na nywila, na nywila mpya kule Astros ikawa haiko mbali na ile ya zamani. Jamaa akawa anaingia kwenye hifadhi yao iitwayo Ground Control anasoma siri zao. 2016 akahukumiwa miezi 46 jela. Timu ikapigwa faini ya dola milioni 2 walizowalipa Astros na kunyang'anywa nafasi mbili za kuchagua vijana, na yeye akafungiwa maisha. Miezi 46 kwa kusoma majedwali ya namba, yakhe! Mlinzi wangu nlipomhadithia akasema kwetu mtu akiiba ng'ombe hakai huko.

Na wachezaji wenyewe je, mana mwili ni wao? Kuna kitu kilinishangaza. Mkataba wa wachezaji na ligi wa 2017 mpaka 2021 uliandika kwamba mchezaji akipelekana na timu yake mbele ya wasuluhishi kugombea mshahara, takwimu za Statcast haziruhusiwi, hata zile zilizo hadharani. Upande wowote. Yaani mie wa Nungwi naweza kubishana kwa namba hizo usiku kucha, yeye mwenye bega lake pale penye pesa mkataba ule ulimkatalia. Nliliona ni upumbavu mpaka nkafikiri vizuri: timu ina namba mara elfu kuliko yeye, wakiruhusiana nani ataumia? Na vile vifaa vya kuvaa mwilini mkataba ukasema ni hiari. Wajanja walikaa wakafikiri.

Pale ambapo hakuna uchoyo ni kwenye kamari, kule data zinakwenda mbio. Sportradar, kampuni ya Uswisi, ndo msambazaji rasmi tangu 2019 na mkataba umeongezwa mpaka 2032, makampuni ya kubeti wananunua zifike kabla ya picha ya televisheni haijafika. Watu wanabetia kasi ya mpira mmoja. Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland wakashtakiwa New York kwa madai ya kupanga mipira yao na wacheza kamari, wenyewe walikana. Sisi tunajua kamari hukumu yake, siendelei, ila nimeona tu kwamba mwanafunzi anayetaka njia za wachezaji ajifunze hesabu hapewi, na mwenye duka la mikeka anapata zake zikiwa bado moto.

Basi Iddi iliyopita nlikwenda nyumbani, mie na yule mtoto wa ami tukaenda Gombani kutizama mechi ya daraja la chini, na wazimu umeshatuingia, tukanunua daftari la mraba njiani. Yeye anaita, mie naandika: pasi iliyopotea, nani kapoteza, dakika, na kiwanja tumekigawa visanduku kumi na viwili. Kipindi cha pili akaja jamaa wa benchi la timu moja, kanzu imepandishwa mpaka kwenye magoti, akasimama juu yetu.

"Hivo nyie nani kakuruhusuni kuandika timu yetu?"

Mtoto wa ami akaanza kueleza sheria, ya Motorola sijui nini, nkamkanyaga mguu. Nkamwambia kaka tumekuja kutizama tu, daftari letu la shilingi elfu moja hili hapa, tizama. Akalichukua. Akaligeuza. Akatafuta namba ya beki wao wa kushoto, akaona alama zilivojaa kwenye kisanduku chake, akakaa kwenye ngazi pembeni yetu bila ya kusema kitu. Dakika ya themanini akauliza, "Na huyu wa kulia nae kapoteza ngapi?" Alipoondoka aliomba lile karatasi. Tukampa, af ndo nkakumbuka hatukulipiga picha, kwa hio skuizi takwimu za mechi ile ziko kwa timu na sisi hatuna.

Kwa anaetaka kuanza: usianze na msimu mzima, utachoka. Chagua mrushaji mmoja, shusha mipira yake ya mwezi mmoja, panga kwa kasi, tizama video ya ule wa kasi kuliko yote na ule wa polepole kuliko yote, hapo utaelewa anafanya nini kuliko kusoma maelezo ya mtu. Kompyuta bora kuliko simu mana yale majedwali mapana. Bando la usiku, na shusha siku tano tano mtandao ukikatika usilie. Kuanzia msimu wa 2026 kamera hizo hizo zinatumika mchezaji akimpinga refa kuhusu mpira ulipopita, kwa hio kuna mengi mapya ya kutizama. Nyota nne na nusu zangu haziongezeki mpaka niione ile njia yote ya mkimbiaji. Ukikwama niandikie, ila sio saa nane na arobaini usiku, hapo nna mechi.